Wasomaji Wanauliza: Muungano Unaoweza Kubadili Sheria Unajengwaje?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliokwisha kuanza kazi. Wana wenza, wana waraka, na wamekwama. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, vyeo tumevibakiza.

Ndugu wahariri, mtandao wetu umekusanya asasi 43 zilizoweka nembo kwenye waraka wa kutaka muswada urekebishwe. Tumeupeleka wizarani, tumeita waandishi wa habari, na hakuna kilichosogea. Je, asasi 43 ni chache? — Katibu wa mtandao wa asasi za kiraia

Ndugu Katibu, huenda ni nyingi mno. Nembo ni ruhusa ya kutumia jina tu, haimfungi aliyeitoa kufanya kazi yoyote. Kabla ya kuuliza mko wangapi, ulizeni ni nani ataamua, na nani miongoni mwenu anaweza kumfikia.

Anzeni upya na orodha ya watu. Sera hupita katika mikono ya aina nne: mwenye kalamu, yaani ofisa anayeandika rasimu, mwenye fedha, ambaye ni wizara ya fedha au kamati ya bajeti, mwenye kura, kuanzia wajumbe wa kamati hadi bunge zima, na mwenye uwezo wa kuzuia, kama spika anayepanga ratiba, mnadhimu wa chama au mwanasheria mkuu wa serikali. Andikeni majina yao, maana cheo hakipokei simu. Mitandao mingi humshughulikia mwenye kura peke yake na kumsahau mwenye kalamu. Kumbe kifungu kikiisha kuchapishwa, kukibadili ni kazi ngumu kuliko kukiandika vizuri tangu mwanzo.

Kisha hesabuni. Tuseme kamati inayochambua muswada ina wajumbe 15, na mnahitaji kura 8. Mpeni kila mjumbe alama: 1 ni yule aliyeahidi waziwazi mbele ya watu, 2 anaelekea kuunga mkono, 3 hajaamua, 4 anaelekea kupinga, 5 anapinga kabisa. Tuseme hesabu imetoka hivi: wa alama 1 ni watano, wa 2 watatu, wa 3 wanne, wa 4 mmoja, wa 5 wawili. Hapo ndipo wengi hujumlisha 5 na 3, wakasema tumepata nane, kazi imekwisha. Haijaisha. Wa alama 2 ndio hupotea siku ya kura: mmoja yuko safarini, mwingine ameitwa pembeni na mnadhimu wa chama, wa tatu hakuwahi kumwambia mtu msimamo wake na hivyo kubadilika hakumgharimu chochote. Hesabuni alama 1 pekee. Mna watano. Mnahitaji watatu zaidi, na wawili wa akiba.

Kazi yenu basi iko kwa watu saba, wale wa alama 2 na 3. Kwa kila mmoja andikeni anamsikiliza nani: chama cha wakulima cha jimboni kwake, chama cha taaluma yake, viongozi wa dini, wafanyabiashara waliomchangia uchaguzi uliopita. Orodha hiyo ndiyo itakayowaonyesha nani hayumo katika muungano wenu. Msishangae mkigundua kwamba kati ya asasi 43 ni tano au sita tu zinazowagusa hao saba, na kwamba mtu mmoja mnayemhitaji kuliko wote hamjawahi hata kumwandikia.

Kamati iliyoundwa London tarehe 22 Mei 1787 kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa ilikuwa na watu 12. Tisa walikuwa waumini wa madhehebu ya Quaker, waliokuwa na moyo, fedha na mtandao wa nchi nzima, lakini sheria za wakati huo ziliwafungia mlango wa Bunge. Watatu walikuwa Waanglikana, na kupitia kwao ilipatikana njia ya kuingia ndani, hadi William Wilberforce akabeba hoja yao bungeni. Watatu hao walichaguliwa kwa sababu ya kile ambacho wale tisa hawakuwa nacho.

Kwa hiyo gawanyeni wanachama katika duara tatu. Duara la ndani liwe la asasi 5 hadi 9, na kila moja ilete kitu kinachotajika: njia ya kumfikia mwamuzi, utaalamu, fedha au watu. Kipimo tunachopenda ni muda wa watumishi. Asasi isiyoweza kuahidi angalau siku mbili za kazi ya mtumishi kila mwezi haifai kukaa duara la ndani, hata iwe na jina kubwa namna gani. Duara la pili hupewa kazi maalumu yenye tarehe. La tatu linabaki la nembo, nalo lina siku yake ya kutumika.

Kila mwanachama wetu ana dai lake. Waraka umefika kurasa 31. Tukikata dai la mtu, anatishia kuondoka. Tufanyeje? — Mratibu wa muungano wa sekta ya elimu

Ndugu Mratibu, waraka wa kurasa 31 unampa mwamuzi nafasi ya kuchagua lililo rahisi kuliko yote, alitimize, kisha awashukuru kwa ushirikiano wenu mzuri.

Chagueni dai moja linalopita vipimo vinne. Linaweza kuandikwa kama kifungu cha sheria au mstari wa bajeti. Lina mtu mmoja au chombo kimoja chenye mamlaka ya kulitekeleza. Linaweza kuamuliwa katika muda ambao mna nguvu ya kusukuma, tuseme miezi 12 hadi 24. Na likipatikana, kila aliye duara la ndani anapata kitu cha kuwaonyesha wanachama wake. Hiki cha nne ndicho kinachovunja miungano mingi kikipuuzwa.

Ile kamati ya 1787 ililazimika kuchagua: kudai utumwa wenyewe ukomeshwe, au kudai biashara ya kusafirisha watumwa ikomeshwe. Ilichagua biashara, kwa kuwa Bunge lilikuwa na mamlaka ya wazi juu ya biashara na meli, ilhali kugusa utumwa kungeamsha mara moja hoja ya mali za watu na mamlaka ya mabaraza ya makoloni. Gharama ya uchaguzi huo haikuwa ndogo. Sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza ilikuja 1833, miaka 26 baada ya ile ya biashara ya 1807, nayo ikatenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki, huku watumwa wenyewe wakiachwa bila chochote. Mkikata dai, kateni mkijua nani atasubiri, na mwambieni usoni.

Hivyo ndivyo mnavyoweza kumzuia asiondoke. Yaandikeni madai yaliyobaki katika orodha ya zamu, yenye mpangilio na masharti: dai la pili litaanza kushughulikiwa lini, na nani ataliongoza. Mwanachama huvumilia kuwa wa pili akiona tarehe. Ahadi ya mdomo ya “tutarudi kwenu” haimbakizi mtu.

Kampuni kubwa inataka kujiunga nasi. Dai letu likipita, washindani wake wataumia, na sisi tunajua hiyo ndiyo sababu yake. Tumkubali? — Mwenyekiti wa chama cha walaji

Mheshimiwa Mwenyekiti, miungano ya namna hii ni ya kawaida. Mwanauchumi Bruce Yandle aliieleza mwaka 1983 kwa mfano wa waumini wa Kibaptisti waliotaka baa zifungwe Jumapili kwa sababu ya dini, na wauza pombe ya magendo waliotaka hivyo hivyo kwa sababu siku hiyo wangeuza peke yao. Mmoja huleta heshima, mwingine huleta fedha.

Mnaweza kumkubali kwa masharti. Aunge mkono kifungu kile kile, neno kwa neno, bila nyongeza inayompa msamaha yeye. Mchango wake utangazwe, na usizidi kiwango ambacho mkikikosa mtashindwa kuendelea. Sisi tungeweka asilimia 20 ya bajeti. Asiwe msemaji. Na asipewe kura juu ya maandishi ya dai.

Pawe pia na mlango uliofungwa kabisa. Pale ambapo bidhaa yenyewe ndiyo inayodhibitiwa, anayeiuza hakai mezani. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa 2003 na kuanza kutumika 2005, unasema hivyo katika ibara ya 5.3: serikali zilinde sera zao za udhibiti wa tumbaku dhidi ya maslahi ya kibiashara ya sekta hiyo. Muungano wa kiraia una kila sababu ya kujiwekea kipimo hicho hicho.

Je, ni lazima tuandikiane? Sisi tunaaminiana. — Mjumbe wa muungano mpya

Ndugu, andikianeni sasa hivi mnapoaminiana. Kurasa mbili hadi nne zinatosha, na zijibu mambo haya: dai ni lipi, nani anaingia duara la ndani na kwa kura ya nani, uamuzi unafikiwaje, nani anaongea na waandishi wa habari, fedha zinakaa kwa nani na nani anakagua, mtu akitaka kutoka, anatokaje.

Katika uamuzi, epukeni kauli moja kwa kila jambo. Inampa kila mwanachama kura ya turufu, na anayepinga muungano anahitaji kumpata mmoja tu. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: mambo ya kila siku yaamuliwe na sekretarieti, matamko yasambazwe kwa saa 48, na kimya kihesabiwe ni ridhaa, kubadili dai lenyewe kuhitaji theluthi mbili ya duara la ndani. Asasi inayopinga tamko fulani iruhusiwe kuondoa jina lake kwenye tamko hilo bila kujitoa katika muungano. Kipengele hicho kidogo kimeokoa ushirika mwingi.

Ongezeni sharti la mikutano ya pembeni. Ofisa wa serikali au mbunge akimwita mwanachama mmoja peke yake, mwanachama huyo aende, lakini ndani ya saa 24 apeleke muhtasari kwa wenzake. Kuwagawa wanachama ndiyo njia rahisi na ya zamani kuliko zote ya kuvunja muungano: mmoja hupewa nafasi katika bodi, mwingine ruzuku, wa tatu ahadi. Muhtasari wa saa 24 hauzuii hayo, ila huyafanya yaonekane mapema.

Chama chetu kimepata viti 12. Chama kikubwa chenye viti 52 kinatualika tuunde serikali ya mseto. Bunge lina viti 120. Tudai nini? — Ofisa wa sera wa chama kidogo

Ndugu Ofisa, anza na hesabu, maana ndiyo itakayokuambia una nguvu kiasi gani kabla hujafungua mdomo. Wingi ni 61. Wao 52 na nyinyi 12 mnafanya 64, ziada ya viti vitatu. Mkitoka, serikali inaanguka. Hapo mna nguvu. Lakini tazama vyama vingine. Kama kuna chama cha viti 9 na wao wako tayari kukiingiza, 52 na 9 ni 61, na nyinyi mmekuwa watu wa kuachwa wakati wowote. Kwa hiyo dai la kwanza, kabla ya wizara yoyote, ni kwamba mshirika wa tatu hataingizwa bila ridhaa yenu.

Vyeo havina fumbo kubwa. Katika nchi nyingi zenye serikali za mseto, wizara hugawanywa karibu sawa na mchango wa viti, na chama kidogo mara nyingi hupata kidogo zaidi ya haki yake. Viti 12 kati ya 64 ni asilimia 18.75, kukiwa na wizara 20, mnaweza kutarajia tatu au nne. Jambo la kuumiza kichwa ni wizara zipi. Wizara inayotekeleza sera yenu kuu ina faida kuliko wizara yenye heshima isiyohusiana nayo. Wizara ya fedha mkiikosa, ombeni naibu waziri ndani yake, au haki ya kuona rasimu ya bajeti kabla haijafika baraza la mawaziri. Sera isiyo na mstari wa bajeti haijakubaliwa, hata iwe imeandikwa kwenye mkataba kwa herufi kubwa.

Tazameni Uingereza 2010. Uchaguzi ulifanyika tarehe 6 Mei, na kufikia tarehe 11 chama kikubwa cha Wahafidhina na chama kidogo cha Liberal Democrats walikuwa wamekubaliana kuunda serikali ya mseto. Liberal Democrats walikuwa na wabunge 57, ambao wakati wa kampeni walikuwa wameahidi kwa saini kupinga ongezeko la ada za vyuo vikuu. Makubaliano ya mseto yaliwaachia njia moja nyembamba: kutopiga kura. Desemba mwaka huo serikali ilipeleka hoja ya kupandisha kikomo cha ada hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na waziri aliyesimamia vyuo vikuu alikuwa wa chama chao. Wabunge wao wakagawanyika: wengine wakaunga mkono, 21 wakapinga. Kura ya maoni juu ya mfumo wa uchaguzi, waliyoihesabu kuwa malipo yao makubwa, ilifanyika Mei 2011 na wakashindwa vibaya, kwani ilikuwa imekubaliwa kwamba Wahafidhina wangekuwa huru kuipigia kampeni ya kuikataa. Mwaka 2015 walibaki na viti 8. Makosa ya mapatano yale yanaonekana mawili. Ahadi waliyoitia saini hadharani haikulindwa kama sharti la mwisho. Na walilolipata lilikuwa nafasi ya kushindania jambo, wala si jambo lenyewe.

Ujerumani inafundisha lingine. Mkataba wa serikali ya mseto wa 2021 kati ya vyama vya SPD (cha mrengo wa kushoto wa wastani), Kijani (cha wanamazingira) na FDP (cha kiliberali, kinachotetea soko huria) ulikuwa na kurasa 177, umeandikwa kwa umakini mkubwa. Uliegemea pia euro bilioni 60 za mikopo iliyoidhinishwa kwa ajili ya janga la korona bila kutumika, ambazo zilihamishiwa mfuko wa tabianchi. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba uhamisho huo ni batili. Fedha zilizokuwa zikiwaruhusu Kijani kuwekeza na FDP kukataa kodi mpya zikatoweka, na vyama vikarudi kwenye ugomvi ambao fedha hizo ziliuficha. Novemba 2024 serikali ilivunjika juu ya bajeti. Basi katika mkataba wenu, mbele ya kila ahadi andikeni chanzo cha fedha, na andikeni ni ahadi ipi itapunguzwa kwanza chanzo hicho kikikauka. Mazungumzo hayo ni magumu, na wapatanishi waliochoka hupenda kuyaahirisha. Yafanyeni kabla ya kiapo.

Mwisho, dai kamati ya usuluhishi inayokutana kwa ratiba, tuseme kila wiki mbili, hata kama hakuna ugomvi. Kamati inayoitishwa siku ya ugomvi pekee hugeuka uwanja wa kutishiana. Na mkataba upelekwe kwa wanachama wa chama chako waupigie kura, kama SPD walivyofanya 2013 na 2018. Kura hiyo inamwonyesha mshirika wako mpaka ambao viongozi hawawezi kuuvuka.

Usiku wa kuamkia kura, serikali imetuambia itakubali nusu ya dai letu tukiacha nusu nyingine. Muungano umegawanyika. — Msemaji wa muungano wa mazingira

Ndugu Msemaji, ulizeni nusu hiyo inafanya nini kwa nusu inayobaki.

Mwaka 1806 wapinzani wa biashara ya watumwa Uingereza walikubali sheria pungufu, iliyowakataza Waingereza kupeleka watumwa katika makoloni ya nchi za kigeni. Wakati huo wa vita na Ufaransa ilipita kama hatua ya kumdhoofisha adui, kumbe ilikata sehemu kubwa ya biashara yenyewe na kupunguza waliokuwa na sababu ya kuitetea. Februari 1807 wabunge wakaunga mkono katazo lote kwa kura 283 dhidi ya 16. Nusu ile ilipunguza nguvu za mpinzani.

Oslo, Septemba 1997, ilikuwa kinyume. Kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, iliyoanzishwa 1992 na mashirika sita na wakati huo ikiwa imefika zaidi ya elfu moja, ilisimama pamoja na serikali kama ya Kanada juu ya mkataba usio na msamaha kwa nchi yoyote. Marekani ilitaka, pamoja na mengine, Rasi ya Korea iachwe nje. Kukubali kungemleta mezani mwenye nguvu kuliko wote, lakini kila nchi yenye mpaka wa hatari ingeomba yake. Walikataa, Marekani ikajitoa, na Desemba nchi 122 zikatia saini Ottawa. Kasoro iliyobaki ni kubwa, kwa kuwa Marekani, Urusi na China hazimo. Hata hivyo katazo lilibaki zima.

Kwa hiyo mkiona nusu mliyopewa imefungua njia au imewaondolea mpinzani mmoja, ichukueni. Ikiwa imeweka msamaha ndani ya kanuni, au kifungu kinachosema jambo hili halitajadiliwa tena kwa miaka kumi, ikataeni. Na muungano unaofanya uamuzi huu kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia kura umechelewa. Wiki nne kabla, duara la ndani liandike mambo matatu: tunachokitaka, tunachoweza kukubali, na tusichokubali hata muswada wote ukifa.

Sheria imepita. Tuvunje muungano? — Mweka hazina

Ndugu Mweka Hazina, usifunge akaunti bado. Sheria nyingi husubiri kanuni za waziri, tarehe ya kuanza kutumika na fedha, na wapinzani walioshindwa bungeni huhamia huko ambako hakuna kamera. Punguzeni duara la ndani libaki na asasi tatu au nne zenye wanasheria na wachambuzi wa bajeti, na wekeni akiba ya kuwalipa kwa mizunguko miwili ya bajeti. Ile kampeni ya mabomu ilianza mwaka 1999 kutoa ripoti ya kila mwaka inayoonyesha nchi gani inatimiza mkataba na ipi haitimizi. Nao Waingereza waliopinga ushuru wa nafaka, baada ya sheria kufutwa 1846, walisitisha shughuli huku wakiacha njia ya kuitana tena, na 1852 ilipoingia serikali iliyoonekana kutaka kurudisha ushuru, waliitana. Kwa hiyo, kabla wanachama hawajatawanyika, waandikeni wawili wenye mamlaka ya kuitisha mkutano, na mtaje ni tukio gani litakalowalazimu kuuitisha.